Nchi ya bei kali ni ipi: Geneva, Kampala ao Butembo?

Kwetu hapa, mtu akisema "nchi ya bei kali", mawazo yanaruka mpaka Bulaya. Ndugu aliyefika Geneva ao London anapiga simu, anasema kikombe kimoja cha kahawa kinamutoa dola tano, na sisi huku Rughenda tunashika kichwa: dola tano juu ya kahawa? Lakini ndugu huyo huyo akirudi likizo Butembo ao Beni, wiki mbili hazijaisha, feza zimekwisha. Alilala kwa shemeji, alikula sombe na bugali, hakukodi hata gari. Sasa ni yeye anashika kichwa, anauliza: "Ninyi hapa munaishi namna gani?"

Swali lake linastahili jibu la hesabu, maana kuko watu wengi sana katika muji huu wanaojiuliza lile lile kila asubuhi, na wao hawana tiketi ya kurudi.

Tuanze na ile kahawa. Geneva walipiga kura Septemba 2020, wakaweka mushahara wa chini kabisa: franga 23 za Uswisi kwa saa moja, na tangu hapo umepanda kidogo kidogo. Kahawa ya mgahawani inauzwa kati ya franga 4 na 5. Maana yake mfanyakazi wa chini kabisa kule, yule anayefagia hoteli, anaipata kwa muda usiofika robo saa. Kwetu, mushahara wa chini wa sheria, ile SMIG, ulikuwa franga 7 075 kwa siku tangu Mei 2018. Wakati ule ilikuwa dola nne na kidogo. Ikakaa pale pale miaka saba, dola ikapanda mpaka kupita franga 2 800, na zile 7 075 zikabaki dola mbili na nusu. Mwaka 2025 serikali ikapandisha mpaka 14 500, na 21 500 kuanzia Januari 2026. Kwa hesabu ya dola ya 2 800, ile 14 500 ilikuwa sawa na kikombe kimoja cha kahawa cha Geneva. Siku nzima ya kazi kwa kikombe kimoja. Na pengine kahawa yenyewe imetoka huku, milimani ya Lubero.

Ndiyo maana kulinganisha bei kwa dola kunatudanganya. Bei inapashwa kupimwa kwa saa za kazi. Chukua kilo ya sukari, ao mufuko wa makala, ao karo ya mutoto, ujiulize: hii ni saa ngapi za mwili wangu? Mwanamoto wa Furu, mama anayeuza tomate Kimemi, kijana anayesukuma chukudu, hakuna kati yao anayelipwa SMIG. Wanapata kile siku inaleta. Lakini hesabu ya saa wanaweza kuifanya, tena wanaifanya bila karatasi.

Kuko watu wa kazi ya kulinganisha miji. Kampuni ya Mercer inatoa kila mara orodha ya miji iliyo na bei kali kwa wageni wanaotumwa kazi na makampuni makubwa. Mwaka 2016 Luanda ilikuwa ya pili duniani na Kinshasa ya sita, nyuma tu ya Tokyo. Wengi walicheka: Kinshasa mbele ya Paris na New York? Lakini orodha ile inahesabu maisha ya mugeni: nyumba yenye ukuta na mulinzi, groupe ya umeme, maji safi, jibini iliyotoka Ufaransa. Kila kitu ambacho nchi haitoi, mugeni anakinunua mwenyewe, na kinatoka mbali. Sasa ondoa jibini, weka sabuni, esansi, saruji, dawa, daftari za watoto na mabati. Utaona kama hesabu ni ile ile kwa mukaaji wa Butembo, isipokuwa yeye hakutumwa na kampuni inayomulipia.

Vitu hivyo vinatoka wapi? Vingi vinashuka bandarini Mombasa, vinapita Kenya na Uganda, vinaingia Kasindi, vinapanda Beni, halafu Butembo. Ni zaidi ya kilomita 1 600. Wachuruzi wetu wanakwenda kuvitafuta mpaka Dubai na Guangzhou, jambo linalojulikana na linalotupa sifa. Basi tukiuliza sababu ya bei, tunajibiwa haraka: "Ni umbali." Jibu hilo ni la kweli nusu tu.

Angalia Kasese. Nayo haina bahari. Mizigo yake inatoka Mombasa ile ile, kwa barabara ile ile. Kutoka Mpondwe mpaka Beni ni kama kilomita 80, na Beni mpaka Butembo 54. Kodi ya mauzo, ile TVA, Uganda wanalipa asilimia 18, sisi 16. Kwa hiyo kwa karatasi, ilipashwa tofauti ya bei kati ya Kasese na Butembo iwe ndogo: mafuta ya gari ya safari fupi, mushahara wa dereva, na basi. Saruji ya Hima inatengenezwa huko huko, wilaya ya Kasese, karibu sana na mupaka wetu. Lakini uliza mtu yeyote anayejenga Butembo kama bei ya mufuko inafanana. Watu wa Kasindi hawahitaji maelezo: wanavuka wenyewe kwenda soko la Mpondwe, wanarudi na sukari na mafuta mikononi.

Basi katika kilomita zile zisizofika 150 kunatokea kitu. Kwanza ni mupaka wenyewe. Kuko dekreti ya tarehe 28 Machi 2002, namba 036/2002, inayosema ni huduma zipi zina haki ya kufanya kazi mipakani. Kwa maneno ya leo ni nne: duane (DGDA), OCC, DGM na usafi wa afya. Nne. Deklaranti yeyote atakwambia kama ofisi anazopitia ni zaidi, na kila moja ina karatasi yake, nyingine hata karatasi haina. Mchuruzi halipi hiyo feza kutoka mfukoni mwake. Anaigawa juu ya kila karato ya sabuni, na wewe ndiwe unaimaliza kulipa pale dukani, bila risiti.

Halafu barabara. Juni 2021 marais wawili, Tshisekedi na Museveni, walizindua pale mupakani kazi ya kilomita 223: Kasindi mpaka Beni, Beni mpaka Butembo, na Bunagana mpaka Goma kwa kupitia Rutshuru. Kipande cha Bunagana kilikwama tangu M23 ilipokamata kituo kile Juni 2022. Huku kwetu lami imeingia sehemu fulani, sehemu nyingine mvua bado ndiyo inaamua. Gari likilala njiani siku mbili, tomate inaoza lakini mazuti na chakula cha dereva vinahesabiwa. Na juu ya hayo, hofu. Barabara ya Beni mpaka Kasindi imeona magari yakichomwa na watu wakiuawa na ADF. Hatari hiyo inaingia katika bei ya kusafirisha, hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Kwa hiyo tukisema vita inaua, tuongeze kama inauzia pia: hata mtu ambaye hajawahi kusikia risasi analipa sehemu yake kila anaponunua mushumaa.

Tangu Januari 2025, Goma ilipoanguka na uwanja wake wa ndege kufungwa, hata safari imekuwa bidhaa ya anasa. Mtu wa Butembo aliyekuwa anapanda basi kwenda kuona mutoto wake chuoni Goma, leo wengi wanamushauri azunguke Uganda. Ni kweli, tangu 2024 Uganda imetuondolea visa, ile ya dola 50, na tushukuru. Lakini paspoti bado ni ya kununua, na kwa miaka mingi ya Kongo ilikuwa dola 185, kati ya zile za bei ya juu kabisa duniani, kabla ya kushuka mpaka 99. Mtu anatoka katika jimbo lake, anapita nchi nyingine, ili aingie tena katika jimbo lake.

Tuje sasa kwa dola yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Franga ya Kongo ilianza Juni 1998, na siku zile dola moja haikufika franga mbili. Wazazi wetu walikuwa wametoka katika zaire mpya, ambayo 100 000 yake ilibadilishwa kwa franga moja. Mtu aliyeona akiba yake ikigeuka karatasi mara mbili haamini tena feza ya nchi. Ndiyo sababu nyumba inapangishwa kwa dola, garanti kwa dola, simu kwa dola, ng'ombe ya mahari kwa dola. (Kuhusu garanti: sheria ya Desemba 2015 inasema nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Mwenye nyumba akikuomba sita, mukumbushe kwa heshima.)

Septemba na Oktoba 2025 kikatokea kitu ambacho vijana hawakuwahi kuona: dola ilishuka kwa haraka, kutoka juu ya 2 800 mpaka chini ya 2 500. Kinshasa walifurahi. Huku, mama aliyetumiwa dola 100 na mutoto wake wa Canada, aliyezoea kupata franga 280 000, akapewa na kambisti 250 000 ao chini. Akaenda sokoni, bei zikawa zile zile za zamani. Yule mama amepoteza franga 30 000 bila kuibiwa na mtu. Wachuruzi wana sababu: bidhaa walizinunua kwa dola ya juu, na wanaogopa itarudi kupanda kesho. Sababu hiyo tunaielewa. Lakini dola ikipanda, bei inapanda saa ile ile, hata kwa bidhaa iliyokuwa dukani tangu mwezi uliopita. Kama stoki ya zamani inazuia bei kushuka, kwa nini haiizuii kupanda? Mpaka leo hatujapata mchuruzi wa kutujibu.

Na kuko noti. Dola iliyochanika kidogo pembeni inakataliwa, dola moja moja wengine hawaitaki, na ya franga 50 imekuwa kama picha tu. Noti ndogo ikikataliwa, bei inaruka mpaka noti inayofuata. Anayenunua kidogo ndiye anayeumia: sukari ya kifuko, mafuta ya kijiko, makala ya sahani, kuchaji simu kwa jirani mwenye panneau. Ukihesabu vifuko vyote mpaka kilo itimie, mukaaji masikini amelipa kilo hiyo bei kubwa kuliko tajiri aliyenunua mufuko mzima. Hata serikali iliwahi kujua njia hii: ile RAM ya 2020, iliyokata dola 7 kwa mwaka kwenye simu za kisasa na dola 1 kwenye simu ndogo, ilikuwa inachukua kidogo kidogo kutoka kredi ya kila mtu mpaka watu walipopiga kelele ikafutwa 2022.

Si kila kitu ni kali, tuseme kweli. Mugeni wa Kinshasa akifika soko la Butembo anashangaa kuona kabichi, viazi na avoka. Anataka kupiga picha. Kile ardhi yetu inatoa karibu na muji, bado mukaaji anaweza kukifikia. Lakini hata hicho kinabadilika. Mashamba ya upande wa Mbau yameachwa na wenyewe, na kusini mwa Lubero, tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwisho wa Juni 2024, maelfu ya walimaji wamekuwa wanunuzi. Mtu aliyekuwa anauza maharagi sasa anayatafuta kwa kopo kama sisi.

Kwa hiyo kwa ndugu wa Geneva anayeuliza tunaishi namna gani, jibu ni hili. Kule unalipa ghali, lakini ndani ya bei kuna maji yanayotoka, basi linalofika saa yake, na mfanyakazi anayelipwa. Hapa ndani ya bei kuna bariyeri, matope, woga na karatasi zisizo na risiti. Hivyo vyote havilishi mtu na havibebi mzigo, lakini tunavinunua pamoja na sabuni.

Kati ya hivyo, kuko kimoja ambacho hakihitaji vita iishe ndipo kiguswe. Dekreti ya 2002 iko, huduma ni nne, na serikali ya jimbo tangu mwaka 2025 inakaa Beni, saa mbili ao tatu kutoka Kasindi kama barabara iko kavu.