Wosia wa Jenerali na gharama za matanga

Kila ufikapo mwezi wa Aprili, wako Wakenya wanaomkumbuka Jenerali Francis Ogolla kwa vyeo vyake. Si vibaya. Alijiunga na jeshi mwaka 1984, akafuzu kuwa rubani wa ndege za kivita, akaliongoza Jeshi la Wanahewa kuanzia mwaka 2018, na hatimaye, Aprili 2023, akateuliwa Mkuu wa Majeshi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko yote aliyoliachia taifa hili hakulitenda akiwa amevalia sare. Alilitenda nyumbani kwake, alipowaeleza jamaa zake namna alivyotaka kuzikwa.

Alifariki Alhamisi, Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi ilipoanguka Sindar, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet. Alikuwa amekwenda huko kukagua shule zilizofungwa kwa sababu ya ujangili, ambazo serikali ilikuwa ikijitahidi kuzifungua upya. Waliokuwamo ndani walikuwa 12. Wawili tu ndio walionusurika. Kabla yake, hapakuwa na mkuu wa majeshi wa Kenya aliyewahi kufa akiwa kazini. Kwa hivyo wengi wetu tulitarajia maombolezo ya majuma mawili au matatu, kamati juu ya kamati, na misururu ya wageni mashuhuri. Badala yake tukaarifiwa kuwa marehemu aliusia azikwe katika muda wa saa 72. Jumamosi ikafanywa ibada katika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata; Jumapili, Aprili 21, akalazwa kaburini kijijini kwao Mor, Alego, kaunti ya Siaya.

Kwa Mwislamu wa Lamu au Mombasa, jambo hili halina ajabu yoyote, kwani huko maiti huzikwa siku ile ile ikiwezekana. Lakini huku bara, mazishi yamegeuka kuwa mzigo unaowaelemea walio hai. Mwili huwekwa makafani huku ada ikiongezeka kila siku. Turubai hukodishwa, mabasi hukodishwa, fahali huchinjwa, na kila jioni waombolezaji hukaribishwa chai na chakula. Harambee huitishwa ili kulipa deni ambalo nusu yake lisingekuwako lau marehemu angezikwa mapema. Baada ya wageni kutawanyika, mjane huachwa na watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa karo. Desturi ya kumheshimu maiti ni njema, ila sioni heshima katika kuifilisi aila yake.

Siaya hiyo hiyo ndiko kulikomalizikia kesi ya mazishi iliyovuma kuliko zote nchini. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, na akasema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager ukadai azikwe nyumbani kwa baba zake. Mvutano huo ulipanda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 23, 1987. Hesabu mwenyewe, msomaji: zaidi ya miezi mitano. Jenerali alizikwa siku ya tatu.

Tofauti hiyo yatokana na nini? Wako wanaosema kwamba ni cheo, na hawakosei kabisa. Jeshi lina ndege, lina magari, na serikali hulipa. Fundi wa viatu anayefia Mombasa ilhali kwao ni Kakamega hana helikopta ya kumpeleka, na nduguze huhitaji siku kadhaa kutafuta nauli tu. Lakini sidhani kwamba ndege pekee zingetosha. Lililosaidia zaidi ni kwamba wosia ulitamkwa mapema, mbele ya watu wake, mwenyewe akiwa mzima wa afya. Haukubakia siri ya chumbani ambayo mjane angelazimika kuithibitisha peke yake mbele ya ukoo mzima uliokasirika. Mahakama zetu hazichukulii wosia wa mazishi kuwa na nguvu sawa na wosia wa mali. Huuheshimu pale inapowezekana, basi. Ndiyo sababu mashahidi wa nyumbani wana thamani kubwa kuliko mawakili.

Na mbegu ile haikuangukia mwambani. Raila Odinga alipofariki nchini India Oktoba 15, 2025, tulielezwa kwamba naye alitaka kuzikwa upesi, ikiwezekana katika saa 72. Jumapili, Oktoba 19, akazikwa Bondo, licha ya umati ambao ungeweza kuyarefusha maombolezo yale kwa mwezi mzima. Wawili hao walikuwa wakubwa mno kwa yeyote kuthubutu kusema kwamba walizikwa kama watu wasio na kwao. Mwananchi wa kawaida hana kinga hiyo. Akizikwa siku ya tatu, majirani hunong'ona kwamba wanawe ni bahili, au wanaficha jambo.

Namfikiria mwanajeshi mwingine, jirani yangu wa zamani kijijini, aliyestaafu akiwa koplo. Alikuwa mtu wa jamii yake hasa: malipo yake ya uzeeni yaliwasomesha watoto, na kila Jumapili alikuwa kanisani pamoja na mkewe. Hakupenda mazungumzo ya kifo, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alipofariki, wazee wa ukoo walikaa siku kumi wakibishania mahali pa kuchimba kaburi. Karatasi moja iliyotiwa sahihi mbele ya mkewe, watoto na mzee mmoja wa ukoo ingetosha kuumaliza ubishi ule kwa dakika tano. Ng'ombe wawili waliobakia waliuzwa ili kulipa deni la makafani, na kifungua mimba wake akakaa nyumbani muhula mzima.