Na sisi wa visiwani tukumbukwe

Daraja la Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, nimelipita mara mbili kwa basi la Bukoba tangu lizinduliwe Juni 19, 2025. Dakika chache tu uko ng'ambo, wakati zamani tulikaa foleni ya kivuko hadi watoto wakalia njaa. Kwa hilo nashukuru kwa dhati.

Ila sisi wa visiwa vya Muleba, kuanzia Bumbire na Ikuza hadi Goziba huko mbali, daraja la nyaya kama lile hatuliombi. Wengi wetu bado tunavuka kwa mtumbwi wa injini, tumebanana na magunia ya dagaa na madumu ya petroli. Mwaka jana nilisafiri na mama mjamzito aliyelazwa juu ya nyavu, kafunikwa turubai, mawimbi yanamrushia maji usoni. Abiria 15, jaketi okozi mbili! Na hapa Kagera nani amesahau meli ya MV Bukoba ilivyozama Mei 21, 1996?

Waheshimiwa wabunge wetu, bajeti ijayo tuombeeni kivuko cha uhakika, chenye ratiba, kifike kila kisiwa.