Wanaokuambia Ubane Mapapai Wanauza Miche

Wasee, kuna hesabu inazunguka kwa simu zenu: eti ekari moja inabeba mapapai 1,800, zidisha kwa bei ya tunda, milioni ndio hiyo. Hiyo hesabu imepigwa na mtu wa miche. Yeye analipwa kwa mche, si kwa papai.

Najua kwa sababu niliingia boksi. Nilipoacha chuo, nilikuwa na robo ekari ya mama hapa Cheptais na pesa iliyobaki ya karo. Jamaa akaniambia nipande mita moja na nusu kwa moja na nusu. Miche 450, shilingi 100 kila mmoja. Ningeacha mita mbili kwa mbili, zingetosha kama 250. Hiyo tofauti, elfu 20, iliingia mfukoni mwake kabla hata mvua kunyesha.

Sasa angalia mti wenyewe. Jani la papai na kikonyo chake linaweza kupita mita moja. Ukiweka miti miwili mita moja na nusu, majani yanapandana. Mti unakimbilia jua: unarefuka, shina linakuwa jembamba, tunda la kwanza linashika juu ya kichwa chako. Upepo haupiti, majani yanapata ukungu mweupe kama unga. Na hapa ni mteremko wa Mlima Elgon, jameni, si Kwale. Papai linapenda joto, na sisi joto letu ni la kuhesabu. Ukiliwekea kivuli tena, sukari itatoka wapi?

Mtaniambia ukibana ekari inatoa kilo nyingi. Ndiyo, kufikia kiwango fulani, ukiwa na maji na mbolea ya kutosha. Lakini kila mti unatoa kidogo, na tunda linakuwa dogo. Nilipeleka yangu soko la Chwele, mama mnunuzi akayageuza moja moja akaniuliza, "Kijana, hizi ni papai ama avokado?"

Mama yangu hakuniuliza kitu. Alichukua panga akaangusha karibu 200. Shilingi elfu 20 zimelala kando ya ua, zinaoza.

Na wewe jamaa wa miche, nimeona umetoa video nyingine. Ukitaka shamba la kurekodia, karibu kwetu. Panga iko.