Marehemu Hadaiwi Zaka

Mtu amefariki. Majirani wamekaa chini ya turubai, masufuria yako mekoni, na mwenyekiti wa jumuiya ameitwa pembeni aulizwe swali moja: alikuwa analipa zaka? Kadi inaletwa. Inahesabiwa miezi isiyo na mhuri. Kisha familia inaambiwa imalize deni kwanza, ama sivyo padre hatakuja na mwili hautaingia kanisani. Mambo haya yanatokea katika parokia zetu za Tanzania, na tumeyazoea hadi tunayaita utaratibu.

Utaratibu wa nani? Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka 1983 inawataja wanaonyimwa maziko ya Kikanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi, waliofarakana na Kanisa, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Tena hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Isomeni neno kwa neno. Mwenye deni la bahasha hayumo. Kanuni ya 1181 inaagiza maskini wasinyimwe maziko yanayostahili, na ya 848 inataka mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Anayemfungia marehemu mlango kwa ajili ya zaka anaivunja sheria ya Kanisa, na anaivunja mbele ya mjane.

Sisemi watu wasitoe. Natoa zaka na nitaendelea kutoa. Umeme wa kanisa, mafuta ya pikipiki ya padre anayezunguka vigangoni, chakula cha waseminari, vyote vinatutegemea sisi waamini, na kanuni ya 222 inatudai kwa haki. Ninachokikataa ni uwakili wa upande mmoja. Muumini anadaiwa hesabu kila mwezi, na akifa anafuatwa nayo hadi msibani. Na parokia, inadaiwa na nani?

Inadaiwa na sisi. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wawape waamini hesabu ya kile waamini walichotoa. Ya 537 inaitaka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Ya 1267 inasema kilichotolewa kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu. Sasa niambieni, wanajumuiya wenzangu, mara ya mwisho kusomewa matumizi ya parokia, kwa tarakimu, ilikuwa lini? Mapato tunayasikia kila Jumapili kwenye matangazo: kanda fulani imeongoza, kanda fulani imeshika mkia, jamani tujitahidi. Tukifika kwenye matumizi, kimya. Mchango wa mabati umekwisha kukusanywa, mabati hatujayaona, na bahasha za uzio tayari zimegawiwa. Anayeuliza anaambiwa anampinga paroko. Zipo parokia zinazobandika hesabu zao ukutani, na nazipongeza kwa moyo wote, kwa sababu zinawaumbua wanaosema haiwezekani.

Waamini wa Kiyunani waliponung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume hawakumwita mtu mchochezi. Waliwakusanya waamini wote, wakachaguliwa watu saba waaminifu. Paulo naye, alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alitaka aongozane na wenzake waliochaguliwa na makanisa yenyewe, mtu asije akamnyooshea kidole. Kukaguliwa hakukumpunguzia utume wake.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika ukanda huu, ili Kanisa liwe mahali watu wanapofahamiana kwa majina, wanaposoma Neno pamoja na kubebana mizigo. Nendeni leo mkahesabu dakika. Neno linasomwa harakaharaka, na nusu ya kikao inaliwa na daftari la michango. Mgonjwa wa nyumba ya tatu hajatembelewa, lakini deni lake linajulikana hadi shilingi ya mwisho. Mama anayedeki kanisa kila Jumamosi, fundi aliyetengeneza mabenchi bila kudai ujira, kijana anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza: kadi ya zaka haina mahali pa kuwaandika hawa. Basi nasema huo nao ni uwakili, na parokia isiyouona inawadhulumu watu wake.

Kuna wanaosamehewa maswali. Mgeni rasmi wa harambee anawekewa kiti cha mbele, bahasha yake inafunguliwa kwa vigelegele, wala hakuna anayeuliza fedha hizo amezipataje. Maswali yote yanamsubiri muuza mchicha. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alizikataa shilingi milioni 2.6 za Kenya ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto jijini humo, nyingi zikiwa za kujengea nyumba ya padre. Aliagiza zirudishwe. Nyumba ilihitajika, fedha zilikuwa mkononi, na bado askofu alisema hapana, kwa kuwa altare haipaswi kugeuzwa jukwaa la siasa. Nawaomba viongozi wetu wa parokia ujasiri huo huo kwa wenye fedha, na huruma kwa wasio nazo.

Ninyi wa halmashauri ya walei, bahasha za mwaka mpya zisigawiwe kabla hesabu za mwaka huu hazijabandikwa mlangoni mwa kanisa. Tuone kilichoingia, kilichopelekwa jimboni, katekista amelipwa kiasi gani, wagonjwa na yatima wamepata kiasi gani, na mchango wa mabati uko wapi. Ukiwapo mstari mnaoona haya kuubandika, anzeni na huo.