Mdomo wa Hewa juu ya Boneti: Kipimo Kabla ya Msumeno

Miongoni mwa wapenzi wa magari ya kale ya Marekani, hasa yale ya injini kubwa yaliyotoka viwandani katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuna kazi moja ya mikono isiyokoma kuvutia. Ni kazi ya kukata tundu katika boneti na kuliwekea mdomo wa kuingizia hewa, uliotengenezwa nyumbani kwa bati au kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini. Kazi hiyo ni nzuri. Humfundisha mtu kuchonga kalibu, kupima, kuunganisha na kusubiri. Lakini sababu itolewayo na wengi wa waifanyao, kwamba upepo wa mwendo husukumwa ndani ya injini na kuiongezea nguvu nyingi, ni sababu dhaifu; na maadamu imo ndani ya fizikia ya shule ya sekondari, hapana udhuru wa kuirudiarudia bila kuipigia hesabu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kanieneo itokanayo na upepo wa mwendo ni nusu ya densiti ya hewa ikizidishwa kwa mraba wa mwendokasi. Karibu na usawa wa bahari densiti ya hewa ni kilogramu 1.2 hivi kwa kila mita ya ujazo. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata mita 27.8 kwa sekunde, na jawabu ni paskali 463. Kiasi hicho kikilinganishwa na kanieneo ya angahewa, ambayo ni paskali 101,000 na zaidi, hakifiki hata nusu ya asilimia moja. Mwendo ukiongezwa maradufu hadi kilomita 200 kwa saa, kanieneo huongezeka mara nne, na bado haitimii asilimia 2. Basi injini yenye nguvu za farasi 300 haiwezi kutarajia kutoka kwa upepo wa barabara ya kawaida zaidi ya nguvu za farasi moja au mbili, tena iwapo hakuna hata kidogo kinachopotea njiani.

Faida ya kweli imo katika halijoto. Hewa iliyo chini ya boneti huchemshwa na rejeta na mabomba ya ekzosi, ilhali hewa ya nje ni baridi kuliko hiyo. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba hewa ya ndani ina nyuzi 60 za Selsiasi na ya nje nyuzi 30. Katika kipimo cha Kelvin hizo ni 333 na 303; kwa hiyo, kanieneo ikiwa sawa, hewa ya nje ina densiti kubwa zaidi kwa karibu asilimia 10. Faida hiyo haifiki yote kwenye silinda, kwa kuwa hewa hupata joto tena ipitapo katika njia za injini. Ndiyo maana kanuni za zamani za kusahihisha vipimo vya injini za petroli zilitumia kipeuo cha pili cha uwiano wa halijoto, na kwa mfano huu jawabu huwa kama asilimia 5. Kwa injini ile ile ya nguvu za farasi 300, hizo ni nguvu za farasi 15. Mtu anayetaka kuupa mdomo wake jina linaloustahili na auite mdomo wa hewa baridi.

Viwanda vyenyewe havikuwa vikweli sana katika jambo hili. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na midomo miwili juu ya boneti, yote ya mapambo tu. Mwaka 1965 ndipo wateja walipoanza kuuziwa, kupitia kwa mawakala, vifaa vya kuufungua mdomo ili upeleke hewa kwenye kabureta. Kampuni ya Ford, kwa Mustang Mach 1 ya mwaka 1969, iliweza kuuza mdomo uliofungwa juu ya injini yenyewe na kujitokeza katika tundu la boneti, ukitikisika kila injini inapotikisika. Chevrolet walikuwa na akili zaidi. Katika Chevelle SS ya mwaka 1970 mdomo wao ulielekea nyuma, upande wa kioo cha mbele, ukiwa na kifuniko kilichofunguka pale tu dereva alipokanyaga mafuta kwa nguvu. Mtazamaji asiyejua hudhani kwamba mdomo huo umewekwa kinyume.

Haukuwekwa kinyume. Hewa ipandayo juu ya ncha ya mbele ya gari huongeza kasi inapopinda kufuata boneti, na pale inapoongeza kasi kanieneo yake hushuka. Pengine hushuka hata chini ya ile ya angahewa. Hali kadhalika, tabaka jembamba la hewa iliyo karibu kabisa na bati hutambaa polepole kwa sababu ya msuguano. Mdomo mfupi uliowekwa katikati ya boneti, mahali ambapo macho hupenda kuuona, waweza basi kuambulia kidogo sana, au hata kuitoa hewa badala ya kuiingiza. Hewa hiyo ifikapo kwenye shina la kioo cha mbele huzuiwa, hupunguza kasi, na kanieneo yake hupanda tena. Chevrolet waliitafuta hewa hapo. Mahali pengine pafaapo ni mbele kabisa ya gari, kando ya rejeta, ambapo bomba moja lililofichwa laweza kufanya kazi yote bila boneti kuguswa.

Hapa ndipo walimu wa fizikia wangeweza kuitumia kazi hii kuliko wanavyofanya. Vifaa havina gharama kubwa: mpira mwembamba unaopenyeka mwanga, maji yaliyotiwa rangi, ubao na rula. Mpira hukunjwa kwa umbo la U na kufungwa kwenye ubao ndani ya gari. Ncha moja huachwa wazi humo humo, na nyingine hurefushwa na kubandikwa kwa utepe juu ya boneti, mahali pamoja baada ya pengine. Katika kila jaribio vioo vifungwe na mwendo uwe ule ule. Asomaye maji awe abiria, kamwe asiwe dereva, na barabara iwe tupu. Paskali 463 ni sawa na milimita 47 za maji, kwa hiyo tofauti kati ya mahali na mahali huonekana kwa macho. Namba isomwayo si kanieneo halisi, kwa kuwa hewa ya ndani ya gari nayo haitulii kabisa. Lakini kwa kulinganisha mahali na mahali yatosha. Vipande vya uzi wa sufu vikibandikwa juu ya boneti vitaonyesha upande ambao hewa inaelekea. Kisha kipimajoto cha waya kiwekwe karibu na chujio la hewa, kisomwe gari likiwa katika msongamano na likiwa mwendoni. Ikionekana kwamba hewa ya chujio haizidi ya nje ila kwa nyuzi chache, basi kiwanda kilikwisha kuifanya kazi hiyo.

Hata ukubwa wa mdomo ni jambo la hesabu, wala si la tamaa. Injini ya lita 6.4, kama ile ya GTO, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika na kujaza silinda zake kwa asilimia 85, huvuta hewa mita za ujazo 0.23 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, eneo la sentimita za mraba 80 na kitu latosha kuipitisha, yaani mdomo wa upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 4. Midomo mirefu kama sanduku inayomziba dereva barabara haina utetezi wowote katika hesabu hiyo.

Kwa vijana wa Afrika Mashariki ni muhimu mfano mwingine usiwapotoshe. Mdomo ulio juu ya boneti ya Subaru Impreza yenye tabo, gari lijulikanalo sana katika barabara za Nairobi na lililoshinda mbio za Safari mwaka 1997, haupeleki hewa ndani ya injini. Hupeperusha kipoozeo cha hewa iliyokwisha kubanwa na tabo. Anayeuiga kwa ajili ya gari lenye kabureta ameiga sura tu.

Wako wasemao kwamba gari ni la mwenyewe na uzuri ni hoja tosha. Yawezekana, na uzuri ukiitwa uzuri hapana ugomvi. Lakini boneti iliyotoka na gari kiwandani haioti tena ikishakatwa, na kwa magari yaliyobaki machache hasara hiyo huwapata hata watakaolirithi. Fundi mwangalifu hutafuta boneti nyingine ya kukata, akaihifadhi ile ya asili. Huziba kwa mpira nafasi iliyo kati ya mdomo na sahani ya chujio, la sivyo hewa ya moto itaingia kwa pembeni na kazi yote itakuwa bure. Hutoboa vijitundu vya kutolea maji ya mvua, huchunguza upya kiasi cha petroli kwa kuwa hewa nzito huhitaji petroli zaidi, na katika nchi za baridi huacha njia ya hewa ya moto, kwani barafu huweza kutanda ndani ya kabureta. Mvuke wa resini na vumbi la nyuzi za kioo ni hatari kwa mapafu. Kazi hiyo ifanywe mahali penye hewa, kwa barakoa na glavu. Na kabla ya hayo yote, umbo la kwanza lingefaa liwe la karatasi ngumu, ambalo likishindwa hutupwa jaani na boneti ikabaki nzima.