Wanafunzi wa Dini Ughaibuni: Jumuiya Huwapokea, Ubalozi Nao Uwatambue

Mapigano yalipozuka Khartoum, Sudan, tarehe 15 Aprili, 2023, Waislamu walikuwa katika kumi la mwisho la mwezi mtukufu wa Ramadhani, siku ambazo wanafunzi wengi wa elimu ya dini huzitumia kwa itikafu na kisomo cha Qurani. Kabla Aprili haijaisha, Serikali ilikuwa imewarejesha nyumbani Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, waliosafiri kwa barabara hadi Ethiopia na kutoka huko kwa ndege ya Air Tanzania.

Tukio hilo liliibua swali ambalo familia nyingi, zikiwemo za maeneo yaliyo mbali na Dar es Salaam kama kata ya Nyakisasa wilayani Ngara, hazilipi uzito kijana anapoaga kwenda masomoni: je, Serikali inajua alipo?

Mara nyingi wanaojua ni wanafunzi wenzake. Katika miji yenye vyuo vya Kiislamu vinavyopokea vijana wa Afrika Mashariki, kama Khartoum, Cairo na Madina, mgeni hupokewa na waliomtangulia. Asiye na Kiarabu cha kutosha huanza na masomo ya lugha kabla ya kuingia kitivoni, na hapo ndipo thamani ya jumuiya huonekana: darsa za baada ya swala, ambako nahau ya darasani hufafanuliwa upya kwa Kiswahili, tajwidi husahihishwa, na mwenye kitabu humsomea asiyenacho. Futari huchangwa. Kijana wa Ngara ana faida ya ziada, kwani Kihangaza na Kirundi ni lugha ndugu. Hata miongoni mwa Warundi hawi mgeni kamili.

Hata hivyo, jumuiya humfahamu aliyejiunga nayo. Aliyepanga chumba mbali na chuo, au aliyehamia mji mwingine bila kuaga, hayumo katika hesabu yake. Wala kiongozi wa wanafunzi, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kutoa hati ya dharura ya kusafiria au kuuombea msafara kibali cha kuvuka mpaka. Hiyo ni kazi ya ubalozi, nao huanza na majina ulionayo.

Lipo pia suala la vyeti. Mamlaka ya kutambua tuzo za vyuo vikuu vya nje ni ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na mahali pa kuiuliza kuhusu chuo ni kabla ya nauli kulipwa, si baada ya miaka minne. Chuo kikifungwa kwa vita, matokeo ya mwanafunzi hufungiwa humo. Nakala ya pasipoti, barua ya udahili na matokeo ya kila mwaka ikiwa imebaki kwa mzazi Nyakisasa, anayerejea mikono mitupu atakuwa na cha kuonyesha katika chuo kingine.