Umuvugangoma si Mwambangoma

Ukitoka hapa Musaga ukaifuata barabara iendayo Ijenda, kisha ukaiacha na kushika mojawapo ya vijia vinavyopanda milima ya Mumirwa, Kiswahili chako hakitachukua muda kukuishia. Migomba utaitaja, mihogo utaitaja, miembe na mikaratusi pia. Lakini kwenye mipaka ya mashamba, kando ya makorongo na juu ya kingo za njia imeota mimea mingine tele, na hapo ndipo wanafunzi wengi huanza kusema "majani", "kichaka", "mti fulani". Makala haya yanahusu hiyo "fulani".

Nashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuutambua mmea wa mlimani asianze kwa kuutafutia jina la pwani. Aanze kwa macho na vidole vyake, kisha amwulize mwenye kilima, na jina atakalopewa kwa Kirundi aliandike ndani ya Kiswahili chake bila kuona haya. Anayefanya kinyume atapotea, tena atapotea akiwa na hakika kwamba amefika.

Chukua mfano wa ngoma. Kila Mrundi anaujua umuvugangoma, walau kwa sifa, kwani shina lake ndilo linalochongwa kuwa ngoma zetu, zile ambazo ibada yake ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Jina lenyewe linajieleza: kuvuga ni kusema au kulia, ingoma ni ngoma, na kwa Kirundi ingoma ni ufalme pia. Ni mti unaoifanya ngoma iseme. Sasa mwanafunzi mwerevu afungue kitabu cha miti cha Kenya au Tanzania atafute mti wa Kiswahili wenye ngoma ndani ya jina lake. Ataukuta: mwambangoma, kutokana na kuwamba, yaani kuivutia ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Atafurahi. Ataandika katika insha yake kwamba umuvugangoma kwa Kiswahili ni mwambangoma, na mwalimu asiyepanda milima atamwekea alama ya vema.

Kumbe ni miti miwili tofauti kabisa. Umuvugangoma ni ule ambao wataalamu huuita Cordia africana: majani yake ni mapana, yanakwaruza kama msasa, na maua yake ni meupe, yamekaa kwa vishada. Mwambangoma wa vitabu hivyo ni Erythrina abyssinica: una miiba matawini, gome nene lenye nyufa, kila jani limegawanyika vijani vitatu, na maua yake ni mekundu kama kaa la moto, nayo hupenda kuchanua wakati matawi hayana majani. Hakuna mtu mwenye macho awezaye kuichanganya miti hii akiwa amesimama mbele yake. Waweza kuichanganya tu ukiwa umekaa na kamusi mapajani.

Na huo mwambangoma, je, Warundi wanauitaje? Wanauita umurinzi. Hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu jambo hili hunifurahisha kila mwaka ninapolifundisha. Sauti "r" ya Kirundi mara nyingi husimama pale ambapo Kiswahili kina "l": kurima ni kulima, kurira ni kulia, kurinda ni kulinda. Basi umurinzi ni mlinzi. Ulikuwa mti wa Kiranga, mpatanishi kati ya watu na Imana katika dini ya wazee wetu, na ndiyo maana ulipewa heshima ya jina hilo. Angalia na sarufi inavyofanya kazi yake: mlinzi wa benki akipata wenzake, ni walinzi; mti ukipata wenzake, ni milinzi. Kirundi nacho hutenganisha vivyo hivyo, abarinzi kwa watu na imirinzi kwa miti. Jina hilo, ngeli yake na wingi wake, vyote tayari viko ndani ya Kiswahili vikingoja kutumiwa. Kwa nini basi mtoto wa Musaga aandike "mti mmoja mwenye maua mekundu"?

Sikilaumu Kiswahili kwa umaskini huu. Lugha hutaja kilicho mlangoni pake. Kilikulia pwani, na kwa miti ya pwani hakina mpinzani: pale ambapo mgeni huona msitu mmoja wa mikoko uliosimama kwenye tope, Mswahili huona mkoko, mchu, mkandaa, muia na mlilana, kila mmoja na kazi yake, huu wa boriti, ule wa mataruma ya jahazi. Hilo ni jicho la watu walioishi na miti yao. Lakini jicho hilo halikupanda hadi mita 2000 na zaidi, kule Mugamba, kwenye baridi na ukungu. Ndiyo maana kamusi zetu, zikifika kwenye mimea ya bara, mara nyingi huishia kukuambia kwamba ni aina ya mti au aina ya mmea, na kukuacha njiani.

Basi mwanafunzi afanyeje? Kwanza atazame, na atazame kwa maneno. Yapo maneno mazuri ambayo hutumiwa kidogo mno. Majani yanaweza kukaa mkabala, mawili mawili yakitazamana kwenye kitawi, au yakapishana. Ukingo wake unaweza kuwa laini au wenye meno kama msumeno. Ncha yake kali au butu. Kikonyo kirefu au kifupi. Mgongo wa jani unaweza kuwa na vinywele vyepesi vinavyoitwa malaika, sawa na vile vya mkononi mwa mtoto. Neno zuri namna hii, nami huliona kwenye insha mara moja kwa miaka mitatu. Shina linasimama, linatambaa au linajisokota juu ya jingine? Ukikata kitawi, kinatoka utomvu mweupe, maji matupu, au hakitoki kitu? Ukilisugua jani kati ya vidole, linanukaje? Umuravumba, kwa mfano, hutautambua kwa macho peke yake, bali kwa harufu yake kali na namna majani yanavyonata. Watu wengi huupanda karibu na nyumba kwa ajili ya kikohozi na tumbo, kwa hiyo huenda umeshaupita asubuhi hii.

Usionje. Nasema mapema kwa sababu nawajua. Mbegu za umurinzi ni nyekundu na zinapendeza hata watoto huzitunga shanga, lakini zina sumu ndani yake. Utomvu wa mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani unaofanywa ua wa boma, ukiingia jichoni huunguza vibaya sana. Anayejua jina la mnyaa huambiwa habari hiyo pamoja na jina. Anayeuita "kichaka" hana wa kumwonya.

Baada ya kutazama, uulize. Na hapa pana mtego mwingine wa lugha. Kwa Kiswahili mti ni mti. Kwa Kirundi mti ni igiti, na umuti ni dawa. Ukimwuliza bibi wa kilimani kwa Kiswahili chako kizuri, "Huu ni mti gani?", huenda akasikia kwamba unauliza ni dawa gani, akaanza kukueleza unavyotibu. Usimkatize! Ni kosa lenye faida. Tena Kiswahili chenyewe hakiko mbali naye, maana tunaposema mitishamba hatuna maana ya miti ya shambani; tuna maana ya dawa. Lugha hizi mbili zinakumbuka wakati ambapo kuutambua mti na kuitambua dawa kulikuwa elimu moja.

Nitoe mfano wa ziwa letu hili hili unaloliona ukisimama juu ya Musaga. Kusini, upande wa Tanzania, katika mkoa wa Kigoma, iko Milima ya Mahale. Mwezi Novemba mwaka 1987 watu wawili walikuwa wakimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku, ambaye alikuwa mgonjwa. Mmoja alikuwa mtafiti kutoka Marekani, Michael Huffman, aliyesoma Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani. Mwingine alikuwa Mtongwe wa huko huko, Mohamedi Seifu Kalunde, mhifadhi wa wanyama na mjuzi wa mitishamba. Chausiku alivunja kitawi cha mmea fulani, akalibambua ganda, akatafuna kiini chake, akanyonya maji yake machungu na kuzitema nyuzi. Siku iliyofuata alikuwa na nguvu zake. Mtafiti aliona sokwe anatafuna. Mohamedi aliona sokwe anatafuna mjonso, mmea ambao Watongwe wenyewe huutumia kwa tumbo na minyoo. Tofauti kati ya kuona kule na kuona huku ni neno moja. Waliandika pamoja, na mwaka 1989 taarifa yao ikachapishwa kwa majina yao wote wawili. Wanakemia wa Japani wakaendelea kutoka hapo.

Mjonso ndio umubirizi wetu. Unaota hapa juu, kwenye kingo za vijia na mipaka ya mashamba, na wengi wenu mmeulizwa na mama zenu mkalete majani yake machungu. Wanyarwanda wanauita umubirizi, Wahaya wa Kagera omubilizi, na huko Nigeria majani yake huoshwa uchungu ukapungua yakapikwa mchuzi. Jina linalovuka mipaka mitatu ya nchi halihitaji kibali cha mtu ili liingie Kiswahilini. Andika mbirizi, wingi mibirizi. Andika mravumba, miravumba. Kiambishi cha Kirundi umu- kinakaa pale pale panapokaa m- yetu, na imi- panapokaa mi-. Ni kama kuvua koti mlangoni.

Wako walimu wenzangu, nao nawaheshimu, wasemao kwamba hivi tutauchafua usanifu, na kwamba msahihishaji wa mtihani hatayajua maneno hayo. Kwa msahihishaji, dawa ni rahisi: taja jina, kisha eleza mmea kwa sentensi moja au mbili, naye ataelewa na pengine atajifunza. Kwa usanifu, nakumbusha kwamba mwarobaini ni mgeni kutoka Asia, na Waswahili waliupa jina kutokana na maradhi arobaini uliosemekana kuyatibu. Lugha iliyompokea mgeni aliyevuka bahari haitashindwa kumpokea jirani anayeteremka kwa miguu.

Wengine, vijana hasa, hunionyesha simu. Unapiga picha, simu inataja jina la Kilatini. Sipingi, jina la Kilatini ndilo lililoniwezesha kuwaeleza hapo juu kwamba mjonso na umubirizi ni kitu kimoja. Lakini wataalamu nao hubadili majina: huo mmea uliitwa Vernonia amygdalina, na sasa wengi huuweka katika jenasi ya Gymnanthemum. Na simu haitakuambia ni mama gani wa Mumirwa huutumia, kwa nani na kwa kiasi gani. Isitoshe, elimu hiyo imekwisha kuandikwa mahali pengine kabla yetu. José Lewalle alieleza uoto wa Burundi ya magharibi, tabaka kwa tabaka, mwaka 1972. Martine Baerts na Jean Lehmann walichapisha huko Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1989, kitabu kizima juu ya waganga na mimea ya dawa ya safu ya milima ya Kongo na Nili nchini kwetu. Vyote kwa Kifaransa. Mtoto wa Kigoma, wa Uvira au wa Bukoba, ambaye anaiona mimea ile ile nyuma ya nyumba yao, hawezi kuvisoma. Kiswahili chako angekisoma.

Sikutumi ukawe mganga. Kujua jina la mmea si kujua kipimo chake, na mwenye homa aende kituo cha afya. Wala usirudi na mizigo ya mizizi: jani moja lililobanwa katikati ya daftari latosha. Ukifika siku moja msitu wa Kibira, usichume hata hilo moja, kwani ni hifadhi ya taifa. Usidhani pia kwamba kila kiotacho chenyewe ni cha kale. Yale maua makubwa ya manjano ya alizeti mwitu yanayofunika kingo za barabara asili yake ni Mexico, na bibi yako akikuambia hana jina lake la zamani, amekuambia kweli.

Jambo la mwisho ni la saa. Asubuhi usimsimamishe mtu yeyote kwenye vijia hivyo. Akina mama wanateremka na mboga na ndizi kichwani, wanawahi soko, na anayesimamishwa na mzigo shingoni hujibu neno lolote ili apite. Ngoja saa nane au saa tisa, wanapopanda kurudi na vikapu vitupu. Amkia kwanza, amahoro, pokea kikapu ukipewa, tembea naye hatua chache upande wake, ndipo uonyeshe kitawi.